Wakazi wa Kata ya Pili

Nadine Haskett alikuwa anamenya viazi jikoni kwake, Jumanne ya baada ya Pasaka, mlango wa nyuma ulipogongwa. Akafuta mikono kwenye aproni, akafungua. Kwenye ngazi alisimama mwanamume mweusi mrefu, amevaa khaki za gereza, kofia mkononi. Uani kulikuwa na tope tupu, ila yeye hakuacha alama ya kiatu.

"Habari za asubuhi, mama. Namtafuta diwani."

"Yuko dukani kwake, anauza chakula cha ng'ombe. Nani mwenzangu?"

"Cordell Baines. Mkazi wa kata ya pili."

Nadine akatupa jicho juu kilimani, kwenye kuta za gereza. "Umetoroka?"

"Hapana, mama. Mimi niko ndani, leo nina zamu ya kufua. Huyu unayemwona ni yule aliyehesabiwa."

"Basi ingia, ufunge mlango. Baridi hiyo."

Hakuwa wa kwanza. Mji wote wa Orwick ulikuwa umeshawaona wenzake. Katiba ya Marekani inataka watu wahesabiwe kila baada ya miaka kumi, ili viti vigawanywe kwa haki, na wahesabuji walimwandika kila mtu mahali anapolala. Wanaume wa gerezani walikuwa wanalala kilimani, kwa hiyo wakaandikwa watu wa Orwick. Hakuna aliyewauliza kwao ni wapi. Kura hawakupewa, maana sheria ya jimbo inamkataza mfungwa kupiga kura. Baraza la mji lilipopitisha ramani mpya ya kata, kesho yake asubuhi wakateremka kilimani wakiwa wametulia, kila mmoja akatafuta pa kukaa. Watu wakawaita wa sensa. Mkuu wa polisi hakuitwa, kwa sababu gerezani askari walihesabu jioni, wakahesabu asubuhi, na hakupungua hata mmoja.

Kata ya pili ilikuwa Mtaa wa Quarry pamoja na gereza. Kwenye karatasi ilikuwa na watu wengi sawa na kata nyingine. Siku ya uchaguzi, wapiga kura wake wote wangeenea kwenye sebule ya Nadine na viti vikabaki. Merle, mume wake, alichaguliwa diwani kwa kura saba, moja ikiwa yake mwenyewe na moja ya mkewe.

Mji haukuchelewa kuwapatia kazi. Mkazi wa Orwick anatakiwa kuondoa theluji mbele ya nyumba, na wa sensa walikuwa wakazi, basi walipewa makoleo. Kwa ajili ya wingi wao serikali iliongeza fedha, mji ukanunua gari jipya la zimamoto. Ubavuni liliandikwa kwamba ni zawadi ya wananchi.

Merle alirudi kula mchana, akamkuta Cordell anakausha vyombo.

"Nikusaidie nini, kijana?"

"Unifute."

"Nikufute vipi?"

Cordell akamweleza. Mama yake, Odessa, alikuwa jijini kwao, Mtaa wa Mercer, ghorofa ya tatu, figo zimekataa. Mtoto wake ni yeye peke yake. Ombi la kwenda kumwona lilikuwa limeshagonga mwamba kwa mkuu wa gereza. Lakini wa sensa hukaa pale walipohesabiwa, na ramani ikiwaachia, wanaachiwa. Mji wa Pell, upande wa pili wa kaunti, ulilitoa gereza lao kwenye ramani ya kata, na kabla ya chakula cha jioni wa sensa wao wote walikuwa barabarani, kila mtu na njia ya kwao.

"Nikae naye tu," Cordell alisema. "Nimpe maji. Nimgeuze kitandani. Yule mwingine atabaki kilimani, hiyo sina neno."

Merle akapaka haradali kwenye mkate. Hakuwa mtu mkatili. Aliwahi kumkopesha jirani trekta mavuno mazima bila kudai hata mafuta. "Sikiliza. Nikikufuta wewe nimewafuta wote. Nikiwafuta wote hakuna kata. Mtaa wa Quarry utaunganishwa na kata ya kwanza, na kule yuko Ruth wa duka la dawa. Nitakuwa nimeshindwa hata kabla sijanywa kahawa."

"Kweli kabisa."

"Sasa?"

"Sasa mama yangu anaumwa."

"Mpe jibu mtoto wa watu, Merle," Nadine alisema.

"Nitalifikiria."

Alilifikiria masika yakaisha, kiangazi kikapita. Cordell alikuja kila siku. Alitengeneza mlango wa banda, akamshikia Nadine uzi akifuma. Jumapili, yule wa kilimani akimpigia mama yake simu, huyu wa jikoni alikuwa anainamisha kichwa kusikiliza.

"Anasemaje?" Nadine aliuliza.

"Ananiuliza naja lini."

Hoja ya kulitoa gereza kwenye ramani ililetwa barazani mwezi wa Novemba, na aliyeileta ni Ruth Engdahl wa duka la dawa. Hakuileta kwa kuwahurumia wa sensa. Alisema waziwazi kwamba amechoka kuona kura ya jirani mmoja wa Merle ina uzito wa kura za wateja wake mia. Ukumbi ulijaa. Wa sensa walisimama ukutani, kwenye ngazi, hadi nje penye mlingoti wa bendera. Kiapo cha bendera kiliposomwa, waliweka mkono kifuani kama wengine, na sauti yao ndiyo iliyosikika zaidi, maana walikuwa wengi.

Cordell akanyoosha mkono. Joyce, karani wa mji, akamwangalia juu ya miwani.

"Mkazi au mgeni?"

"Mkazi."

"Dakika tatu."

Cordell alisema habari za mama yake, kwa kifupi. Halafu akasema, "Babu wa babu yangu alikuwa mtumwa Georgia. Katiba ya wakati ule iliwahesabu watumwa watano kama watu watatu, ili mabwana wao wapate viti vingi bungeni. Yeye hakuwa na kura. Mimi nimehesabiwa mzima, na kura sina. Sasa niambieni ninyi mliosoma, kati yangu na yeye, nani kaibiwa zaidi?"

"Ungetulia kwenu usingeletwa huko juu!" mtu akapayuka kutoka nyuma.

"Sijaomba kutoka gerezani, bwana. Kifungo changu nakitumikia. Naomba kutoka kwenye kiti cha diwani."

"Muda umekwisha," Joyce alisema. "Ahsante kwa kushiriki."

Madiwani walikuwa wanne. Ruth alikubali, na wa kata ya tatu akakubali. Wa nne alikataa, kwa kuwa gari la zimamoto lilikuwa linalala kwenye kata yake. Ikabaki kwa Merle. Akasimama, akavuta tai.

"Mimi niliapa kuilinda Katiba," alisema. "Kila mtu katika nchi hii ana haki ya kuwa na wa kumsemea. Hawa ni watu wangu. Siwezi kuwatupa."

Akapiga kura ya hapana. Wawili kwa wawili, hoja ikafa. Baadhi ya watu walipiga makofi. Wa sensa walitoka kwa mstari kama walivyozoea, na kwa kuwa theluji ya kwanza ilikuwa imeanza, wakachukua makoleo.

Ndani ya gari Nadine hakufunga mkanda. "Watu wako, eti?"

"Nadine, usianze."

"Nitajie majina ya watano."

"Cordell."

"Huyo mmoja."

Merle akawasha gari.

Odessa Baines alifariki Alhamisi iliyofuata. Kasisi wa gereza alimweleza yule wa kilimani, na huyu wa jikoni akaweka sahani aliyokuwa anaikausha, akakaa. Ruhusa ya kwenda kuzika haikutoka. Siku ya mazishi Cordell alitembea hadi darajani, mwisho wa mji. Alipofika katikati, miguu haikuendelea. Alisimama pale kutwa, uso ameuelekeza upande wa jiji la kwao, na Nadine akasimama karibu yake na koti lake la kanisani. Magari yaliyopita yalipunguza mwendo, yakaenda zake.

Jumapili basi la mchana lilisimama Orwick, akashuka mwanamke mzee mwenye kofia ya zambarau na pochi kubwa. Dereva hakumdai nauli. Wafu hawahesabiwi popote, kwa hiyo daraja halikumzuia. Aliuliza njia mara moja tu, akaingia kwa mlango wa nyuma.

"Umekonda," alimwambia mwanawe.

"Mama, mimi huyu sili."

"Ndiyo maana umekonda." Akamshika mashavu, akakaa hivyo muda mrefu. Halafu akavua kofia, akachota mchuzi wa Nadine kwa kijiko, akauonja. "Mwenzangu, chumvi kwenu inauzwa kwa dhahabu?"

"Daktari kamkataza mume wangu."

"Sasa sisi wengine tumekosa nini?"

Nadine akacheka, halafu akalia, akaongeza chumvi.

Merle alirudi kutoka kikao cha kanisa, akamkuta mgeni amekalia kiti chake. Akamwamkia kwa adabu, akavuta kingine. Aliangalia meza nzima, kichwa kimoja baada ya kingine.

"Mama yake Cordell," Nadine alisema.

"Oo. Karibu sana, mama. Na yeye amehesabiwa hapa kwetu?"

"Hapana. Amekufa."

"Hasara," Merle alisema, akaomba asogezewe mkate.