Kiti cha Dirishani

"Kaa chini, mama! Mbele kuna trafiki."

"Nimeshakwambia siwezi kukaa."

"Basi chuchumaa. Wenzako wote wakisimama huwa wanachuchumaa, tukipita wananyanyuka."

"Kuchuchumaa ndiyo siwezi kabisa."

Kondakta alimgeukia mdogo wangu Laurenti. "Kaka, huyu mama yako vipi?"

"Ni dada yangu. Ana mgongo." Kisha akaninong'oneza, "Dada, unatuaibisha. Tumelipia kiti, kaa."

Tangu basi liondoke stendi ya Msamvu, Morogoro, nilikuwa nimepiga magoti juu ya kiti hicho, nimeshika egemeo, uso umeelekea nyuma. Pingili moja ya mgongo wangu imetoka mahali pake, inabana mishipa. Nikikaa, moto unashuka hadi kwenye unyayo.

"Mama, tuombee basi, maana umekaa kimchungaji," alisema kijana wa kiti cha nyuma yangu. Watu wakacheka. Sikukasirika. Tangu nipigiwe simu kwamba Eufrazia amefariki huko Singida sijakasirika wala kulia. Nilifua, nikapika, nikamwachia binti yangu Rahel ufunguo.

Eufrazia ni mdogo wetu. Mazishi yalikuwa kesho yake, na mimi ndiye mkubwa. Kwetu dada mkubwa hukaa mkekani karibu na marehemu, tena chini, si kwenye kiti. Laurenti alikuwa ameshanionya: nisipofika watanisema mpaka na mimi nizikwe.

"Haya, nakaa," nikasema.

Nikageuka, nikajishusha taratibu, meno nimeyauma. Nikasubiri ule moto.

Haukuja.

Tukawapita askari. Tukakaribia Gairo. Bado haukuja.

"Umeona?" Laurenti alitabasamu kwa mara ya kwanza siku hiyo. "Kumbe ulikuwa unadeka tu. Umepona, dada."

Niliingiza mkono chini ya kanga, nikajifinya paja kwa ndani. Nikajifinya tena kwa kucha. Ilikuwa kama nafinya begi la mtu mwingine. Nikasogeza mkono katikati ya miguu. Hivyohivyo.

Daktari wa Morogoro alikuwa ameniambia wazi: maumivu yakizidi, meza dawa, lakini ukifa ganzi huko unakokalia, acha kila kitu, rudi hospitali saa hiyohiyo. Ukichelewa hutatembea, na haja zako hutazizuia tena.

"Sijapona," nikamwambia Laurenti. "Nimekufa ganzi. Narudi."

"Unarudi wapi? Eufrazia anazikwa kesho!"

"Atazikwa. Rahel yuko darasa la sita, bado anataka mama anayetembea."

"Niwaambie nini watu?"

"Hivyohivyo nilivyokwambia."

Nilifungua begi, nikatoa doti ya kanga niliyomnunulia Eufrazia, nikamwekea Laurenti mapajani. "Mfunike nayo. Wewe kaa mkekani badala yangu."

"Mwanamume kukaa mkekani na wanawake?"

"Kaa." Nikapaza sauti. "Konda, shusha!"

Gairo nilishuka nikiburuta mguu. Laurenti alibaki dirishani, kanga mkononi. Upande wa pili wa barabara kulikuwa na teksi. Nilivuka, nikafungua mlango wa nyuma, nikajilaza kifudifudi kwenye kiti chote.

"Morogoro, hospitali," nikamwambia dereva. "Usiniambie nikae. Twende."

Akawasha gari.