Mkwe Amelala Kwenye Treni

Magdalena alijua ameingia behewa baya hata kabla hajaketi. Treni ilikuwa imeshaanza kuondoka Manyoni. Nyuma yake abiria walikuwa wameziba njia kwa magunia na matenga ya kuku, na mbele yake, benchi la pili, alikuwa amelala Gabrieli, mume wa binti yake.

Alivuta kanga usoni upesi, kama mtu aliyepulizwa moshi, akaketi upande.

Mama mkwe na mkwe hawatazamani. Ndivyo alivyofundishwa na mama yake. Wakikutana njiani, mmoja anaingia porini mpaka mwenzake apite. Jina la mkwe halitamkwi, na kumgusa ndiyo kabisa. Asubuhi ile, kwenye steshini yao ndogo, Gabrieli alimwona kwa mbali akakimbilia behewa la mwisho, naye Magdalena akapanda la mbele. Kila mmoja alikuwa na safari yake ya kwenda na kurudi: Magdalena kumjulia hali dada yake aliyevunjika mguu, Gabrieli kununua misumari na bawaba za mlango.

Mlango wenyewe ulikuwa wa nyumba isiyo na kiwanja bado. Tangu watolewe kwenye maboma yao ya zamani na kuletwa kando ya reli, walilala kwenye vibanda vya nyasi wakingoja viwanja vya kijiji kipya. Mwenyekiti wao, Mzee Kefa, alikuwa ametangaza mbele ya wote: "Treni ya jioni ikishapita tu, tunagawa. Kila baba asimame mwenyewe. Asiyekuwepo asije kunililia, atapewa kilichobaki." Kilichobaki kila mtu alikijua. Ni kule chini mbugani, ambako mvua ikinyesha maji hukufuata mpaka kitandani, na kisima kiko mbali. Na Sara, binti yake Magdalena, tumbo lilikuwa limeshashuka, alikuwa karibu kujifungua.

Gabrieli alikoroma. Usiku uliopita hakulala. Fisi walivunja zizi la jirani, yowe likapigwa, na yeye ndiye aliyekuwa wa kwanza kutoka na rungu. Kwao mwanamke akipiga yowe, mwanamume habaki ameketi. Ndiyo maana anayelipiga bure hutozwa mbuzi.

"Mama, mbona umejifunika kama bibi harusi?" aliuliza mwanamke waliyekaa naye benchi moja. Alikuwa amepakata beseni la kuku wa kuchoma, na alishajitaja: Dorkas, wa Saranda.

"Mkwe wangu yumo humu."

"Ooo! Pole. Hata kwetu Ugogoni ipo hiyo. Lakini treni haina pori la kujificha, mama. Leo mtavumiliana."

Magdalena hakucheka. Jua lilikuwa limeshuka. Kupitia uwazi wa kanga aliona mawe makubwa anayoyajua, yale ya karibu na nyumbani, yakija moja baada ya moja. Injini ikapiga honi. Gabrieli bado alikoroma.

"Mwanangu," Magdalena alimnong'oneza Dorkas, "niamshie yule. Tunashuka hapa, na treni nyingine mpaka kesho kutwa."

"Yupi? Wamelala wengi."

"Wa dirishani."

"Madirisha yako mawili. Amevaa nini?"

Magdalena hakujua. Tangu amwoze binti yake, hajawahi kumtazama yule mtu kiasi cha kujua amevaa nini.

"Jina lake basi!"

"Siwezi kulitaja."

"Yeeh! Makubwa haya." Dorkas akainuka, akanyoosha mkono, akamtikisa baba mmoja mnene mwenye koti. "Baba, amka, umefika!"

Yule baba akaruka. "Nimefika wapi? Mimi naenda Tabora! Umeingiza mkono mfukoni mwangu?" Akamkamata Dorkas kifundo cha mkono. Beseni likainama, paja la kuku likaanguka chini, watu wakaangua kicheko.

"Niache! Nani anataka mfuko wako mtupu?"

Treni ikasimama. Kwenye steshini ile treni haikai, inavuta pumzi tu na kuondoka. Magdalena alimwona Gabrieli akigeuza shingo, akalala upande wa pili. Nje, filimbi ya gadi ikalia.

Magdalena akafumba macho, akapiga yowe.

Wanaume wote waliinuka kwa pamoja. Gabrieli alisimama kabla hajaamka, mkono ukipapasa rungu. "Wapi? Amepita wapi?" Kisha akaiona kanga. Akaliona na bango la steshini. Akampa Magdalena mgongo papo hapo, akatupa kifurushi cha misumari nje, akatokea dirishani, kwa kuwa mlangoni hapakupitika. Treni ilikuwa imeanza kutembea.

Naye Magdalena asingeweza kutoka. Watu walimzingira, na mkaguzi wa tiketi alikuwa anajipenyeza kwa hasira.

"Nani kapiga yowe? Nani kaibiwa?"

"Hakuna aliyeibiwa," alisema Magdalena.

"Basi kuna nini? Mama, unalichezea yowe? Na tiketi yako inaishia hapa!"

"Ngoja kidogo, mwanangu." Alimshika Dorkas, ambaye yule baba mnene alikuwa ameshamwachia. "Nitazamie. Mimi siwezi. Utaona uwanja, watu wengi."

Dorkas akatoa kichwa dirishani. "Nauona. Wanapigilia vigingi."

"Yeye?"

"Yuko nyuma sana. Shati la kijani, siyo? Anakimbia. Ameanguka!"

Magdalena akabana kanga kwa meno.

"Ameinuka. Mzee mmoja ananyoosha fimbo kule chini, kwenye majani marefu... Huyu wako anapiga kelele. Wanageuka. Wanampisha."

"Amesimama wapi?"

"Ngoja, moshi huu... Juu. Ndiyo, juu, penye wanawake wenye ndoo. Mzee anapigilia kigingi miguuni pake."

"Hapo penye ndoo ndipo kisimani," alisema Magdalena polepole.

"Usiku huu utalala Itigi kwa dada yangu," Dorkas alisema, akiokota paja lake la kuku. "Na wakikutoza mbuzi kwa yowe la bure, kama kwetu, huyo mkwe wako ndiye amlipe, na kamba yake."

Magdalena akaondoa kanga usoni, akamgeukia mkaguzi.

"Haya, mwanangu. Sasa nigombeze."