Juu ya Nyuzi Arobaini na Moja

Saa moja na robo asubuhi Bi Kipimo alikuwa amemshika panya namba tisa kwa mkia, akimtia kwenye kikombe cha plastiki juu ya mizani, wakati mdogo wake, aliyefariki miezi mitatu nyuma, alipoingia kwa mlango wa nyuma na kuketi kwenye kigoda cha karibu na sinki.

"Shikamoo, dada."

"Marahaba. Usiguse chupa hizo."

Panya namba tisa alikuwa na gramu kumi na tisa. Alianza na ishirini na sita, na alikula kuliko panya yeyote ambaye hakupewa unga. Ndiyo kazi ya ule unga wa manjano, dawa ya kupunguza mwili iliyokuwa ikijaribiwa. Ndani ya chembe za mwili mna mitokondria, majiko madogo yasiyoonekana kwa macho, yanayochoma chakula ili mwili upate nguvu. Unga uliyatia majiko hayo tundu. Moto uliwaka vilevile, tena kwa fujo, ila hakukuwa na sufuria juu yake. Chakula kikaisha, nguvu isionekane, joto likabaki likitafuta pa kutokea. Panya wa unga walilala mbalimbali, kila mmoja pembeni kwake, kwa kuwa hawakuweza kuvumilia joto la wenzao.

Mdogo mtu naye alikuwa na joto hilohilo. Mwosha vyombo wa maabara, mama mmoja asiyejua kunyamaza, alimtundikia makoti meupe mabegani yakauke.

"Mawili tu, mwanangu, usinichukie. Tangu ufe umekuwa na faida."

Wakacheka wote, na marehemu pia. Bi Kipimo hakucheka.

Maabara ile ilikuwa na kanuni iliyobandikwa ukutani: kipimo chochote kinachozidi nyuzi arobaini na moja ni kosa la kifaa, kikatwe kwa mstari mmoja, kisha kipimwe upya kwa kifaa kingine. Iliwekwa enzi za vipimajoto vibovu. Vipimajoto vilibadilishwa, kanuni ikasahauliwa palepale ukutani. Bi Kipimo aliifuata kwa miaka kumi na moja, hata mkono wake ukaijua kuliko kichwa.

Mdogo wake alikuwa karani wa stoo. Daktari, mkuu wa maabara, alimpa unga ule kwenye vidonge, awe mtu wa kwanza kuujaribu, naye akafurahi maana alitaka kupungua mwili. Siku ya sita alikuja akihema, jasho limelitia gauni lake rangi ya manjano.

"Dada, naungua."

Dada akampima kwapani. Arobaini na tatu nukta nne. Akaandika, akakata kwa mstari mmoja, akaandika pembeni "kosa la kifaa", akatia sahihi, kisha akaenda kutafuta kipimajoto kingine. Alichukua dakika nne. Aliporudi mdogo wake alikuwa ameshakata roho, na hata kitambaa kibichi hakikuwa kimemgusa. Tangu siku hiyo Bi Kipimo alijichukia. Alipika akijichukia, akafua akijichukia, na kazini akawahi kama kawaida.

Sasa ripoti ya majaribio ya unga ilikuwa inafungwa, na Jumatatu watu arobaini wangekuja kumeza vidonge. Alimaliza kupima panya, akampima mdogo wake, akapata ileile arobaini na tatu nukta nne. Akamshika mkono kwa glavu nene, wakaenda ofisini.

"Karibuni," Daktari alisema, akifungua dirisha. "Marehemu, kaa mbali kidogo na kompyuta."

"Daktari, naomba namba yake irudishwe kwenye ripoti. Hawa watu watakufa."

"Si imezidi arobaini na moja?"

"Ni joto lake la kweli. Mpime mwenyewe."

Daktari akampima, bila haraka, kwa mikono ya mtu anayeipenda kazi yake. Akasoma, akafungua daftari la vipimo, akaandika arobaini na tatu nukta nne chini ya ile ya kwanza, akaikata kwa mstari mmoja.

"Basi tuna vipimajoto viwili vibovu. Na hii sahihi ya mwanzo ni ya nani?"

Bi Kipimo aliitazama. "Yangu."

"Sasa mimi ni nani nibishane na mpimaji wangu bora?"

Hakusema kwa kejeli. Hilo ndilo lililomkata maini.

Jumatatu chumba cha kusubiria kilikuwa cha baridi, kwa hiyo Daktari akaagiza marehemu akaketi humo. Bi Kipimo alimweleza kila aliyeingia jinsi mdogo wake alivyokufa. Walimsikiliza kwa adabu, wakampa pole, wakauliza kalamu ya kutilia sahihi fomu iko wapi.

"Msimeze," marehemu aliwaambia. "Mimi nilimeza."

Fundi viatu mmoja, mzee makini, aliisoma fomu yote akifuata mistari kwa kidole.

"Humu wameandika madhara hakuna. Wewe umo?"

"Simo, baba."

"Pole sana, mwanangu," alisema, na alimaanisha. Akatia sahihi, akameza kidonge kwa maji, kisha akavuta kiti chake karibu naye na kunyoosha mikono apate joto.