Bikoni ya Uongo

Elphas Makhanu na jirani yake Waithera hawakuwa wakisalimiana, na kila mmoja aliona ni heri hivyo. Chanzo kilikuwa waya. Makhanu, fundi wa simu aliyestaafu, alikuwa na leseni ya redio ya ridhaa, ile ya kuongea na wageni wa mbali kwa kujifurahisha tu, na kijumba cha mabati karibu na ua, hapa Rongai. Kutoka dirishani waya wa mita arobaini ulifuata ua hadi kwenye mkaratusi wake mkubwa pembeni mwa shamba. Jumapili aliongea kupitia waya huo na watu wa Kisangani hadi Muscat, na hakuna kitu kingine duniani kilichompa raha.

Tatizo ni kwamba sauti yake iliingia kwenye redio ya Waithera katikati ya mahubiri.

"Ati analisha waya!" Waithera aliwaambia wenzake wa kanisa. "Na ng'ombe wake tunahesabu mbavu!"

Makhanu alijua dawa. Redio ya namna ile hutaka njia nzuri ya kuteremka ardhini, la sivyo nguvu zake hutangatanga hadi kwa majirani. Akapigilia fimbo ya shaba hatua tatu ndani ya ua, upande wake, akaizungushia makaa na chumvi ili udongo ushike unyevu. Jumapili iliyofuata mahubiri yalipita salama. Asante ya Waithera ikawa kupenya ua na kuukata waya wa fimbo kwa panga, eti chumvi itaua nyasi zake. Makhanu akauunga. Mama yule akaukata tena, na safari hii Makhanu hakujua hadi maikrofoni ilipomchoma mdomo kwa nguvu zilizokosa njia ya ardhini.

Alitamani kumnyonga. Badala yake alikoroga simiti, akaizungusha kwenye fimbo, akaufukia waya, kisha akachora tarakimu juu kwa msumari. Jioni akamwita Waithera uani.

"Unaona hii? Ni bikoni ya serikali, alama ya mpaka. Ukiigusa ni jela, mathe."

Waithera akaitazama simiti, akamtazama na mwenyewe, akaenda zake. Makhanu akacheka hadi mbavu zikamuuma. Kwa majuma matatu aliongea na dunia nzima bila kusumbuliwa.

Juma la nne Waithera akaleta mpimaji wa ardhi. Bikoni ya kweli iling'olewa na trekta zamani, ua wenyewe ulipandwa kwa kukisia, na sasa alitaka mpaka ujulikane. Mpimaji, kijana aitwaye Kipyegon, alifungua ramani yake, akazunguka, akakuna kichwa.

"Boss, usihangaike," Waithera akasema kwa sauti tamu. "Bikoni ni hii hapa. Mzee mwenyewe alinionyesha."

Makhanu akapiga hesabu. Mpaka ukipita kwenye fimbo, hatua tatu za shamba zinaenda, na mkaratusi umo ndani ya hatua hizo. Hapakuwa na mti mwingine wa kushika waya ule, na Waithera alikuwa ameapa mbele ya watu kwamba akiupata mti huo atauchoma makaa.

Kipyegon akachuchumaa, akasoma tarakimu. "Mzee, hii uliikuta ama uliweka wewe? Nauliza kwa sababu bikoni feki ni kesi, na si ndogo."

Waithera akamsogelea Makhanu, karibu kama mtu anayetaka kumpa pole.

"Simiti ilikuwa mbichi siku ile, na ulikuwa nayo kwa kucha," akamnong'oneza. "Si mimi ni mjinga? Haya, mwambie."

Makhanu alimchukia kuliko alivyowahi kumchukia binadamu yeyote, na akajichukia mwenyewe zaidi. Akamtazama kijana aliyesubiri na kalamu mkononi.

"Niliikuta," akasema.

Kipyegon akaandika. Makhanu akachukua ngazi, akaenda kuufungua waya wake kwenye mti wa Waithera.