Wadudu wa Kulishwa

Kiwandani, biskuti zilizovunjika hazitupwi. Zikikatika kwenye mkanda, Shangazi huzisukumia kwenye beseni la buluu, na wakati wa mapumziko beseni hilo ndilo chakula cha mchana, pamoja na chai ya rangi yenye sukari ya kukwaruza koo. Zamani palikuwa na mpishi na sufuria la maharagwe. Kisha uongozi ukaona maharagwe yanakula gesi na muda, mpishi akaambiwa asirudi, na wafanyakazi wakapongezwa kwa kupata biskuti za bure. Wakapongezwa, tena kwa makofi!

Shangazi si shangazi wa mtu pale. Jina alipewa na wasichana wa zamu yake kwa sababu ya ulimi wake. Siku hizi hata ulimi umepoa. Mafua yakimwachia, kifua kinabana. Kifua kikipona, tumbo linaendesha. Msimamizi wao, wanayemwita Filimbi kwa ile filimbi isiyomtoka shingoni, alishamwambia waziwazi kwamba akilala tena na ugonjwa, nafasi yake atapewa mwingine. Watu wanasubiri getini.

Siku hiyo mkanda ulisimamishwa mapema. Uongozi, uliochoshwa na wagonjwa, ulikuwa umemleta mtaalamu wa lishe, dada mpole mwenye picha za utumbo. Mgeni njoo, mwenyeji apone. Dada akaeleza kwamba tumboni mwa kila mtu wamo wadudu wasioonekana kwa macho, bakteria, na wengi wao ni marafiki. Wasichana wakaangua kicheko. Wao wadudu wa tumboni waliwajua kuwa ni wa kumezewa dawa.

Mgeni hakuudhika. Alisema hao ndio wanaoufundisha mwili kumtambua adui na kumwacha rafiki. Chakula chao ni nyuzinyuzi ambazo sisi wenyewe hatuwezi kuzisaga, zilizomo kwenye maharagwe, mboga za majani, matunda na unga usiokobolewa. Mtu akishindia unga mweupe na sukari, wengi wao hupungua, na baadhi ya wanaobaki, kwa njaa, hugeukia ute unaolinda ukuta wa utumbo. Hapo maradhi hupata mlango.

"Kwa hiyo wanakula nyumba waliyopangishwa," akasema Shangazi.

"Unaweza kusema hivyo, mama."

"Na sisi hapa tunawapa nini?"

Mtaalamu akalitazama beseni la buluu, kisha akamtazama Filimbi. Filimbi akapuliza filimbi, kikao kikaisha.

Jioni Shangazi akawaambia wenzake kila mmoja atoe konzi moja ya maharagwe. Akayaloweka usiku kucha, akayapika alfajiri na mchicha, na asubuhi akaliweka sufuria juu ya tanuri la biskuti, mahali ambapo joto halina kazi nyingine. Mchana mfuniko ulipofunuliwa, harufu ikazunguka ukumbi mzima. Wasichana wakasogea na sahani. Filimbi naye akasogea.

"Chakula cha nje ni marufuku," akasema, akionyesha tangazo la mlangoni. "Kitaleta wadudu."

Msichana mmoja akacheka, akajiziba mdomo.

"Ndio hao tulioambiwa jana tuwalishe," Shangazi akajibu.

"Usinifanyie mzaha. Ondoa hilo sufuria."

"Mbona hotpoti yako ya ofisini haileti wadudu? Mboga zako tunaziona dirishani kila siku. Au wadudu nao wanachagua vyeo?"

Filimbi angeweza kugeuka na kuondoka, na pengine mambo yangeishia pale. Lakini alikuwa mwenye shibe aliyesutwa mbele ya wenye njaa.

"Kesho usije," akasema.

Shangazi hakuwa na kazi nyingine, wala kifua cha kwenda kuitafuta. Hasira ikampanda, si kwa Filimbi peke yake: kwa wale waliomlipa mgeni aje awaambie wale vizuri, na marufuku yao ikiwa bado imebandikwa mlangoni.

"Sawa," akasema. "Kesho."

Akachukua upawa. Sahani ya kwanza ikaja polepole, ya pili haraka, halafu zikagongana. Filimbi ikalia kuwaita kazini, ikalia tena. Wote walikuwa wanatafuna, na hakuna aliyeinuka.