Hodi Kutoka Ndani

Respicius hakuwa mwoga. Tatizo lake ni kwamba mambo ya kuogopwa aliyaogopa akiwa ameshayafanya, na Jumamosi ile ya Novemba mwaka 2006 alikuwa ameshafanya ya kutosha. Kulungu dume alikuwa amelala kwenye majani makavu, mshale umempenya mbavuni, na Respicius amepiga magoti kando yake, kisu mkononi, anacheka peke yake kama mwendawazimu.

Sababu ya kucheka alikuwa nayo. Ijumaa iliyokuwa inakuja angekwenda Baltimore kula kiapo cha uraia wa Marekani. Aliihangaikia siku hiyo miaka tisa, na wala si kwa ajili ya pasipoti, maana ile ya Tanzania haikuwa imemkosea kitu. Ilikuwa kwa ajili ya Edna, binti yake, aliyemwacha Bukoba kwa bibi yake akiwa na miaka saba, mama yake ameshazikwa. Baba akiwa raia, maombi ya mtoto hayakai tena kwenye ile foleni isiyokwisha. Wakili alimwambia hivyo Respicius, Respicius akamwambia Edna, na Edna akaanza kugawa nguo zake kwa binamu zake. Kulungu huyu alikuwa wa sherehe. Nyama choma na ndizi, na watu wa Silver Spring, mtaani kwake, waje wale mpaka wasahau njia ya kurudi kwao.

Akatoa simu ampigie Simiyu, aje na gari lake la mizigo. Simiyu ni Mkenya, fundi wa viyoyozi kule Greenbelt, na ndiye mwenzake wa mawindo tangu mwanzo. Zamani walikuwa na mashamba matatu ya kuwindia, wakichagua kama matajiri. La Bowie likauzwa, zikajengwa nyumba za rangi moja, na mtaa ukabatizwa jina la kulungu yule yule waliyemfukuza. La pili, mwenye shamba alisikia kwamba mwindaji akianguka mtini anaweza kumshtaki, akafunga lango kwa mnyororo. Likabaki hili la Brandywine, la Mzee Jumaane.

Mzee Jumaane alikuwa Mmarekani mweusi, mwalimu mstaafu, na shamba lilikuwa la tumbaku la babu zake, limeachwa mpaka limekuwa msitu. Ujanani alifundisha Dodoma miaka miwili, akarudi na Kiswahili cha vitabuni na mapenzi makubwa kwa neno moja: hodi. Sharti lake la kuwinda lilikuwa hilo tu. Usimame nje, kwenye nguzo ya mawe, upige hodi, naye akiwa barazani akujibu, "Karibu, ndugu yangu, karibu sana!" kwa sauti ya kuhutubia mkutano. Ukipiga mara tatu asijibu, unarudi ulikotoka, hata kama umemwona kulungu amekaa anakusubiri. Simiyu aliona ni michezo ya wazee. Respicius alipapenda. Marekani nzima hapakuwa na mahali pengine alipopiga hodi akaitikiwa.

Mzee alifariki mwezi wa nne. Respicius alipata habari amekwisha zikwa, na hapo ndipo alipoharibu. Miaka yote ile amekula nyama ya ardhi ya mtu, na hakwenda hata kuhani. Alijitetea kwamba hafahamiani na wafiwa. Mzee alikuwa na binti mmoja tu, Folasade, aliyekuwa akiishi mbali, ambaye mzee alimfundisha Kiswahili utotoni na kikamtoka alipokua. Sasa aende ampe pole nani? Ukweli ni kwamba aliona haya, asije akaonekana amekuja kuulizia mawindo. Haya zikazaa kuchelewa, kuchelewa kukazaa haya kubwa zaidi, mpaka majani ya miti yakaanza kuanguka.

Mwezi wa kumi akaenda, kwa njia ya nyuma, Jumamosi mbili akitafuta tu nyayo za kulungu. Jumamosi ya tatu, kwenye miti ya mpakani akakuta mistari ya rangi ya bluu, imesimama wima, mti hadi mti. Moyo ulimuuma. Nani aliyewahi kuishi Dar es Salaam asiyejua kazi ya rangi? Shangazi yake wa Kimara aliamka asubuhi moja akakuta alama ya X nyekundu ukutani kwake, na mwaka haukuisha, nyumba ikawa kifusi. Basi huyo binti ameuza, alisema moyoni, na hii ndiyo miti ya kukatwa. Mwakani hapa patakuwa na nyumba za rangi moja. Na kinachosubiri kubomolewa hakina mwenyewe. Akalifunga dungu lake la kuvizia juu ya mti wa mwaloni, na kila Jumamosi akapanda kukaa humo na upinde wake, akiiaga ardhi ile kwa huzuni ya mtu anayedhani ana haki ya kuhuzunika.

"Dume, Simiyu!" alisema kwenye simu. "Pembe hizo, utadhani matawi. Lete gari."

"Wacha! Uko wapi?"

"Kwa mzee."

"Kwa mzee? Si kule kulifungwa?"

"Kufungwa wapi? Wameuza, ndugu yangu. Wameshapaka rangi miti ya kukata. Bluu mpaka kule."

 Nyuma ya Simiyu kulikuwa na mashine inanguruma, nayo ikazimwa.

"Hiyo rangi imepakwa aje? Ni mstari umesimama?"

"Ndiyo."

"Bana, hiyo si ya kukata. Hiyo ni sheria ya hapa Maryland. Blue paint ni no trespassing, ni kama signboard ya usiingie. Si tulifunzwa kwa ile class ya wawindaji? Kwani ulikuwa wapi?"

Respicius alikuwa darasani. Alikuwa ametoka shifti kwenye nyumba ya wazee anakofanya kazi, amekaa safu ya nyuma, amelala fofofo.

"Sikiza," Simiyu alisema, na sasa alikuwa anaongea chini chini. "Uko na silaha kwa shamba ya mtu. Wakikushika hiyo ni kesi. Na si una-swear Friday? Watakuuliza tu pale mlangoni, tangu interview umeshikwa? Utawaambia nini? Wacha huyo mnyama. Wacha kila kitu. Toka."

Simu ikakatika, au Respicius aliikata, hakujua.  Aliinua macho, na kwa mara ya kwanza akaona pale alipofika. Kulungu alipopigwa alikimbia, naye akafuata damu ameinama, anaangalia chini tu, kumbe mnyama alikuwa anamvuta kuelekea nyumbani kwa mzee. Nyumba ilikuwa pale, nyuma ya miti iliyobaki mifupa mitupu. Jua lilikuwa linazama. Nyumba aliyoihesabu kuwa tupu ilikuwa na taa jikoni na moshi kwenye dohani.

Akajitazama. Nguo za mabaka, upinde mgongoni, kisu mkononi, damu mpaka kwenye viwiko. Angekuwa yeye yuko dirishani akamwona mtu wa namna hiyo, angeita polisi bila kufikiri mara mbili. Na polisi wa nchi hii wakiitiwa mtu mweusi mwenye silaha kichakani hawaji kuuliza habari za asubuhi.  Akamwona Edna amekaa kitandani kwa bibi yake, kabati limebaki tupu, anangoja simu. Akaweka kisu chini taratibu, akarudi nyuma hatua moja, na tawi kavu likavunjika chini ya kiatu chake.

Mlango wa baraza ukafunguliwa. Mwanga wa kurunzi ukaja ukipapasa miti, ukampita, ukarudi, ukamtulia kifuani.

"Nakuona!" Ilikuwa sauti ya mwanamke, kwa Kiingereza, na ilikuwa inatetemeka. "Usisogee! Nina bunduki ya baba na nina simu mkononi. Kila Jumamosi nakuona unapita kwenye miti. Kila Jumamosi! Silali. Nimepaka rangi mti mmoja mmoja kwa mkono wangu, na bado unaingia. Unataka nini kwangu?"

Hapo ndipo Respicius alipoelewa, na kuelewa kukamwogopesha kuliko bunduki. Miti haikuwa inakatwa. Hakuna aliyeuza kitu. Binti wa mzee alirudi kukaa kwao, peke yake, akaona kivuli cha mtu mwituni, akapaka rangi kukizuia. Kivuli hicho kilikuwa yeye. Siku zote zile alizokaa juu ya dungu akijihurumia, alikuwa ndiye kitisho cha nyumba ya marehemu aliyemkaribisha.

Miguu ilitaka kukimbia. Lakini anayekimbia ndiye anayepigwa risasi, hilo hata mtoto wa chekechea analijua. Akatafuta Kiingereza, Kiingereza cha miaka tisa, kikawa kimemkimbia chote. Mdomo ukafunguka wenyewe.

"Hodi!" alisema.

Ilimtoka kabla hajaichagua, na papo hapo akauona upumbavu wake. Hodi hupigwa nje, mlango ukiwa bado umefungwa. Yeye alikuwa ameshaingia, ameshachinja, anabisha hodi akiwa katikati ya sebule ya watu.

Mwanga haukusogea. 

"Umesema nini?"

"Hodi, dada. Mimi ni Respicius. Mzee alikuwa ananikaribisha." Akameza mate. "Pole, dada. Pole sana na msiba."

Ilikuwa pole ya tangu mwezi wa nne, na hata masikioni mwake mwenyewe ilisikika imeoza. La kuvunda halina ubani. Mwanamke akavuta pumzi, ikasikika mpaka kule kwenye miti.

"Toka," akasema, na safari hii kwa Kiswahili, kinatoka kimoja kimoja kama mtu anayeshuka ngazi gizani. "Toka nje. Nje ya rangi." Kisha akarudi kwenye Kiingereza. "Acha huo upinde. Acha kila kitu hapo. Ukitembea, sipigi simu. Ukikimbia, napiga. Ukishafika nje, kwenye nguzo, ndipo ubishe hodi, kama alivyotaka baba."

Respicius akalaza upinde kando ya kulungu. Akageuka, mikono juu, akatembea. Mwanga ulimfuata mgongoni, na kivuli chake kikatangulia mbele, kirefu, na mikono yake imeinuliwa. Kila jani lililolia alidhani ni kidole kwenye bunduki. Alisikia sauti ya mwanamke yule kule nyuma, inanong'ona. Alikuwa anaongea na nani? Na polisi? Na Mungu? Ubaridi wa mgongoni ulikuwa wa mtu anayengoja kupigwa, na aliomba kwa Kihaya, lugha ya mama yake, maana nyingine zote zilikuwa zimemwishia.

Nguzo ikafika. Mti wa pembeni yake nao ulikuwa na mstari wa bluu, rangi imechuruzika kidogo chini, kazi ya mtu asiyezoea brashi. Alipita mstari huo akatoka barabarani.

Sasa angeweza kukimbia. Gari lake lilikuwa nyuma ya kilima, na nje ya rangi hakuna kesi. Lakini alikuwa ameambiwa abishe hodi, na ardhi ile hakuwahi kuidharau ila msimu huu mmoja. Akashusha mikono, akageukia nyumba.

"Hodi!"

Kimya. Gari likatokea kwenye kona, taa zake zikammulika damu yote ile, roho ikamruka. Likapita.

"Hodi!"

Barazani mwanga wa kurunzi ulizimwa. Hakuna aliyejibu. Alijua kabisa kwamba kinachofuata ni cha mwisho, na kwamba baada yake hakuna Jumamosi nyingine, wala dungu, wala Simiyu akilalamika kwa sababu ya michezo ya wazee. 

"Hodi, jamani!"

Akangoja. Upepo ulipita kwenye majani, ukatulia. Alikuwa ameshageuza mguu wa kuondoka sauti ilipokuja kutoka barazani, nyembamba, kwa Kiswahili safi kisicho na kigugumizi hata kidogo.

"Baba hayupo."

Lilikuwa jibu la mtoto mlangoni, lile ambalo kila mtoto hufundishwa na wakubwa kuwajibu wageni. Mwanamke mzima alilisema kama msichana mdogo, kisha akaanza kulia, na mlango ukafungwa na komeo likaingia. Respicius alisimama pale pale. Kule Bukoba, kwa miaka tisa, kuna mtoto amekuwa akiwajibu watu kwa maneno hayo hayo.

Mgeni akiambiwa hivyo, la kujibu linajulikana: akirudi, mwambie nilipita. Respicius alifungua mdomo aliseme, likamkwama, maana baba huyu harudi tena. Akavua kofia, akaishika kwa mikono yenye damu, akaondoka kwa miguu kufuata barabara mpaka kwenye gari lake. Njia nzima mpaka Silver Spring alikuwa anaangalia kioo cha nyuma, na hakuna aliyemfuata.