Vikapu vya Msibani

Mwalimu Ezron alifuta mechi ya Chapwa kwa sababu ya tope. Nilipomwambia afute na yetu kwa sababu ya msiba, alinijibu kwamba hesabu haina machozi.

Tulikuwa ofisini kwake Tunduma, siku ya mwisho ya ligi ya mpira wa kikapu, mwaka 1954. Mvua ilikuwa imekata njia na timu nyingine hazikukutana kabisa, kwa hiyo bingwa wa kwenda Mbeya alitafutwa kwa kanuni aliyoitunga Ezron mwenyewe. Si kanuni ya kijinga. Kumshinda mwenye nguvu kulikuwa na uzito zaidi ya kumshinda mnyonge, na ukimshinda mnyonge kwa taabu, kanuni inakushuku kwamba na wewe ni mnyonge. Nafundisha hesabu Ndalambo, na timu yetu naisimamia mimi. Niliielewa, tena niliisifu.

Lakini mwanangu Lwitiko ndiye kapteni wa Ndalambo. Mkuu wa shule moja kule Mbeya alikuwa ameahidi kuchagua wachezaji wawili palepale uwanjani awape nafasi ya masomo. Lwitiko alikosa mtihani kwa malaria. Hakuwa na mlango mwingine.

Ubao ulisema Chapwa wa kwanza, sisi wa pili. Mechi moja tu ndiyo iliyotushusha: Kamsamba, timu dhaifu kuliko zote, tuliwashinda kwa kikapu kimoja.

"Mwalimu, siku ile refa ulikuwa wewe," nilisema.

"Nilikuwepo."

"Tulifika tukakuta baba wa kapteni wao, Amoni, amezikwa asubuhi. Wazee wakasema vijana wacheze, wageni wametoka mbali. Ukawaita vijana wangu pembeni. Uliwaambia nini?"

Alivua miwani akaifuta. "Niliwaambia wasiwaaibishe wafiwa."

"Basi!"

"Mama Lwitiko, kanuni haioni msiba. Inaona vikapu."

"Na tope ililionaje?"

"Kwenye tope mpira haudundi."

"Na mtu aliyemzika baba yake asubuhi anadunda?"

Akacheka. Heri angenitukana.

"Haya, tufuate utaratibu," akasema. "Kapteni wako atamke mbele ya wenzake kwamba mechi ile haikuwa ya kweli. Akitamka, naifuta, na Mbeya mnakwenda ninyi."

Kabla sijamzuia alikuwa ameshatoka nje, barazani. Makapteni walikuwa wamekaa wakila mahindi ya kuchoma. Amoni alikuwa miongoni mwao, nywele alizonyolewa msibani zikianza tu kuota. Sadoki wa Chapwa alikuwa anamchokoza mwanangu.

"Mbeya kuna baridi, bwana. Nikuletee sweta?"

"Niletee habari za mlivyofungwa," Lwitiko akamjibu, na wote wakacheka.

"Lwitiko," Ezron akaita. "Siku ile Kamsamba mlicheza, au mliwahurumia?"

Amoni akashusha hindi lake taratibu.

Kwetu rambirambi ikishatolewa haitajwi tena. Humkumbushi mfiwa ulichompelekea, seuze mbele za watu. Ezron alijua. Alikula ugali wa matanga pamoja nasi, kwenye ungo mmoja. Na alijua kwamba mwanangu naye anajua.

Hata hivyo nilisema, "Sema ukweli, mwanangu. Sema."

Lwitiko hakumtazama Ezron. Alinitazama mimi.

"Tulicheza," akasema. "Kamsamba walikaza."

"Lwitiko!"

"Walikaza, mama."

"Tulikaza kweli," Amoni akasema.

Ezron akarudi ndani mwepesi kama mtu aliyepata jibu bila baki. Nikamfuata. Alikuwa ameshashika chaki, anapiga mstari chini ya jina la Chapwa.

"Ulikuwa na jibu kabla hujamuuliza mtoto," nikamwambia. "Maneno yalitoka kinywani mwako, filimbi ilikuwa mkononi mwako. Ungefuta mwenyewe. Badala yake umemtwisha mtoto mzigo wako mbele ya yatima!"

"Kanuni ni kanuni, mama."

"Umeitunga wewe. Haikushuka kutoka Sinai."

Nikachukua dasta nikafuta Ndalambo. Jina, ushindi, uzito, mstari wote.

"Unafanya nini?"

"Sisi hatumo. Timu yetu nimeitoa."

"Huwezi!" Sasa ndipo alipopiga kelele. "Kila timu imecheza nanyi! Mkitoka, uzito wa kila mmoja unabadilika! Itabidi nianze upya hesabu zote, na lori la Mbeya linaondoka mchana huu!"

"Anza basi. Hesabu haina machozi."

Nilimwacha amesimama mbele ya ubao, vidole vyeupe kwa chaki, midomo ikihesabu. Baadaye nilisikia kwamba lori lilimsubiri, na kwamba bila sisi bado Chapwa walitoka wa kwanza. Walikwenda Mbeya. Mwanangu hakwenda, na mwaka ule hakusoma popote. Ezron nikikutana naye kanisani nabadilisha benchi.

Siku ile nilipotoka ofisini, Lwitiko na Amoni walikuwa wameshashika njia ya Ndalambo, ambayo ndiyo ya Kamsamba pia, wakirushiana mpira. Niliwafuata kwa hatua za haraka, nimejaa maneno ya kumwambia mwanangu. Nilipowakaribia, Amoni aligeuka akaniamkia, kisha akatazama mkono wangu.

Dasta la Ezron lilikuwa bado mkononi.